Loda au Trekta ya Mtumba Yenye Matairi ya Povu: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kutumia na Kuyaondoa

Mashine ya shamba ya mtumba inaposhushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, mnunuzi huangalia saa ilizofanya kazi, rangi ya moshi, mafuta yanayovuja kwenye mabomba ya haidroli na ulegevu wa pini za ndoo. Matairi hutupiwa jicho tu, na kama yamesimama vizuri na yana meno ya kutosha, mazungumzo huhamia kwenye bei. Matairi yaliyojazwa povu husimama vizuri siku zote, hata yanapokuwa yamechoka kabisa, kwa kuwa hayana upepo wa kupungua. Mnunuzi asiyeyatambua mapema hugundua baadaye kwamba pamoja na mashine amenunua mzigo wa mamia ya kilo ambao hakuna fundi pancha wa kijijini atakayeweza kuugusa.

Matairi hayo si kasoro, wala si zawadi. Thamani yake hutegemea kazi utakayoipa mashine, umbali itakaotembea na mwendo wake, na uamuzi huo unapaswa kufanywa kabla ya kutaja bei.

Povu lenyewe na namna linavyojazwa

Ndani ya tairi la aina hii hakuna upepo wala tyubu. Kuna poliyurethani, yaani kemikali mbili za majimaji zinazochanganywa kwa pampu maalumu na kusukumwa ndani kupitia vali, huku tundu dogo likiwa limetobolewa upande wa juu wa tairi ili upepo uliomo upate pa kutokea. Mchanganyiko unapoanza kuchungulia kwenye tundu hilo, fundi huliziba kwa skrubu, kisha huendelea kusukuma mpaka presha ifikie ile ambayo tairi lingepewa kama lingekuwa la upepo. Gurudumu huachwa kwa siku moja hadi tatu, kutegemea joto la mahali, mpaka ujazo ugande na kuwa kitu kimoja kizito kinachonepa kama mpira. Presha iliyowekwa siku hiyo ndiyo itakayobaki mpaka mwisho wa tairi, maana haiongezwi wala haipunguzwi.

Uzito wa ujazo huo unakaribiana sana na uzito wa maji, kwa hiyo ni rahisi kuukadiria: kila lita ya nafasi iliyomo ndani ya tairi huongeza takribani kilo moja. Tairi la 12-16.5, la vile viloda vidogo ambavyo wengi huviita Bobcat hata vikiwa vya kampuni nyingine, huongezeka kilo mia moja hivi. Tairi la nyuma la trekta lenye ukubwa wa 18.4-30 huongezeka zaidi ya kilo 400, na hapo hujahesabu mpira wenyewe wala rimu. Wakulima wengi wamezoea kuweka maji kwenye matairi ya nyuma ya trekta ili lisiteleze, lakini maji hujazwa hadi asilimia 75 tu ya nafasi, yaani hadi usawa wa vali ikiwa juu kabisa, na sehemu inayobaki huachiwa upepo unaolifanya tairi linepe. Povu hujaza nafasi yote.

Faida inayolipiwa ni kwamba tairi halipati pancha. Mwiba wa mgunga, kisiki cha mkonge, msumari wa bati au kipande cha nondo kinaweza kuingia na kubaki humo, na mashine ikaendelea na kazi. Ndiyo maana matairi haya hutumiwa zaidi na mashine za madampo, viwanja vya vyuma chakavu, machimbo ya kokoto na maeneo ya kubomolea majengo. Hapo pana habari ambayo muuzaji mara nyingi haitaji: loda au telehandla (loda yenye mkono unaorefuka) iliyoletwa kutoka Uingereza au Marekani na kutangazwa kuwa ya shambani, ikiwa na povu kwenye magurudumu yote manne, huenda haikuwahi kuona shamba. Mimi nikiyaona matairi hayo, huanza kuuliza habari za ndoo, radieta na vichujio vya hewa, kwa sababu vumbi la dampo na vumbi la jiwe humaliza injini haraka kuliko udongo wa mahindi.

Kulitambua tairi la povu

Anza na vali. Fungua kifuniko, kisha bonyeza kisindano cha katikati. Ukisikia upepo, tairi ni la upepo. Yakiruka maji, tairi lina maji; lakini kumbuka kuzungusha gurudumu mpaka vali iwe chini, kwa sababu vali ikiwa juu hata tairi lenye maji hutoa upepo mtupu. Maji yakiacha alama nyeupe za chumvi kwenye rimu, huenda yalichanganywa na kloridi ya kalsiamu, ambayo huzuia maji yasigande katika nchi za baridi lakini hula chuma, hivyo rimu ikaguliwe kwa makini zaidi. Kisipotoka kitu chochote, toa kisindano kwa ufunguo wake na uingize waya mwembamba taratibu. Kwenye tairi la povu waya hugota karibu sana na mdomo, kwenye kitu kinachobonyea kidogo na kurudi. Mara nyingine utaukuta ujazo umeganda ndani ya vali yenyewe, una rangi ya asali iliyokolea, nyeusi au nyingine yoyote kulingana na mtengenezaji, na ukiukwangua kwa ncha ya kisu hutoka kama kifutio cha penseli.

Kisha zunguka gurudumu ukitafuta lile tundu la kutolea upepo. Huwa ubavuni au kati ya meno ya tairi, na mara nyingi skrubu iliyoliziba bado ipo, imezama na kushika kutu. Usiing'oe. Gonga tairi kwa nyundo: la upepo hurudisha nyundo na kutoa mlio, la povu hutoa sauti nzito iliyokufa. Fanya hivyo kwa kila gurudumu, kwa sababu zipo mashine zenye povu mbele tu, na zipo zilizojazwa gurudumu moja lililokuwa likisumbua, jambo ambalo ni kosa kubwa. Magurudumu mawili ya ekseli moja yakiwa moja la povu na jingine la upepo, mashine huegemea upande mmoja, ndoo haikai sawa, na difu hufanya kazi wakati wote kana kwamba mashine inakata kona.

Kipimo kisichobishaniwa ni mizani. Pitisha mashine kwenye mizani ya kiwanda, ghala la nafaka au machimbo ya karibu, ukipima ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kisha linganisha na uzito uliomo kwenye kitabu cha mashine au kwenye kibati cha mtengenezaji. Takwimu hiyo utaihitaji tena wakati wa kusafirisha. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, na ukomo mwingine kwa kila ekseli. Mwenye lori akipanga mzigo kwa kufuata uzito wa kitabu huku mashine ina tani nzima zaidi kwenye magurudumu, ugomvi utakuwa barabarani, mbele ya mizani.

Kukagua hali ya tairi na kilichomo

Soma kwanza umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, au ndani ya kiduara kidogo, pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2317 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Linganisha na umri wa mashine. Kwa kuwa tairi la povu haliharibiwi na pancha, mara nyingi huachwa mpaka mpira uzeeke, na utaona mipasuko myembamba mingi kwenye mikunjo ya ubavu na kwenye mizizi ya meno. Mipasuko ya juujuu si tatizo la haraka. Mpasuko unaoonyesha nyuzi za nailoni au waya, au unaoachia ujazo utokeze nje kama kidonda kilichovimba, maana yake ni kwamba ganda linakaribia kushindwa kuushikilia.

Chunguza kila mkato. Chokoa kwa bisibisi butu: ujazo mzima hunepa na kurudi mahali pake. Ukitoka kama makombo makavu, umechoka. Ukiwa unanata kama gundi au unatoa mafuta yanayoteleza, uliwahi kupikwa na joto, na kwa kawaida chanzo ni mashine kuendeshwa mbali kwa mwendo mkubwa. Ujazo ulioyeyuka hivyo hautengenezeki, na gurudumu hilo unapaswa kulihesabu kama chuma chakavu hata kama meno yake ni mapya.

Baada ya hapo chora mstari mmoja wa chaki nyeupe unaoanzia kwenye rimu na kupanda ubavuni mwa tairi, kwa kila gurudumu. Omba mashine iendeshwe kwa nusu saa, isukume lundo la udongo, irudi nyuma, ikate kona. Kisha tazama mistari. Mstari uliokatika, upande wa rimu ukiwa umeachana na upande wa tairi, unaonyesha kwamba rimu inazunguka ndani ya tairi, na kwamba kila msukumo unaendelea kusaga ujazo na kingo za rimu. Papo hapo weka kiganja ubavuni karibu na rimu. Vuguvugu ni jambo la kawaida, lakini joto linalokufanya uondoe mkono baada ya kazi fupi kama hiyo si la kawaida.

Sehemu ambayo wanunuzi wengi huiruka ni ile iliyo nyuma ya gurudumu. Tairi la upepo humeza mishtuko. La povu humeza kidogo tu, na mengine yote huenda kwenye beringi, kingpini (pini ambazo magurudumu hugeukia yanapokata kona), sili, bolti za magurudumu na ekseli. Inua kila gurudumu kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli, kisha tumia mtaimbo kulinyanyua na kulisukuma juu na chini, ndani na nje. Kutikisa kwa mikono hakutoshi, kwa sababu uzito wa gurudumu huficha ulegevu ambao ungeonekana wazi kwenye tairi la upepo. Angalia mafuta yaliyochuruzika nyuma ya rimu, matundu ya bolti yaliyopanuka na kuwa ya mviringo wa yai, na nyufa nyembamba zinazoanzia kwenye matundu hayo. Ufa wenye kutu hutoa unga mwekundu unaochora mstari kwenye rangi, hivyo futa tope kabla ya kutazama.

Kwa trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne kuna kipimo kimoja cha ziada. Magurudumu ya mbele hupangwa yatangulie ya nyuma kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5, na mtu akiweka matairi ya povu yaliyolika mbele huku nyuma yana upepo na meno mapya, uwiano huo huvurugika na giaboksi ikaumia. Weka alama kwenye gurudumu la mbele na la nyuma, endesha kwenye ardhi ngumu iliyonyooka mpaka gurudumu la nyuma lizunguke mara 10 huku mvuto wa mbele umezimwa, na hesabu mizunguko ya mbele. Rudia ukiwa umeuwasha. Kama mara ya kwanza ulipata mizunguko 13.0 na mara ya pili 13.4, tofauti ni 0.4, ambayo ukiigawa kwa 13.0 ni kama asilimia 3, na hapo pako salama. Ukipata namba iliyo chini ya sifuri, au inayokaribia asilimia 6 au zaidi, usilinunue trekta hilo bila kuingiza seti nyingine ya matairi katika bajeti.

Kupanga bei

Hesabu ya tairi la upepo lililokwisha ni ndogo: bei ya tairi, tyubu ikihitajika, na ujira wa fundi. Hesabu ya tairi la povu lililokwisha ina bei ya tairi, gharama ya kuling'oa, uwezekano wa kuharibika kwa rimu wakati wa kung'oa, gharama ya usafiri mpaka kwenye karakana yenye vifaa, na siku ambazo mashine itakuwa imelala. Mara nyingi huwa nafuu kutafuta rimu nyingine za mtumba zenye ukubwa uleule kuliko kupambana na zilizopo, na hilo lifanyie utafiti kabla ya kukutana na muuzaji. Pima idadi ya bolti, umbali kati ya bolti mbili zinazotazamana, kipenyo cha tundu la katikati na kina cha rimu, kisha uwapigie wauza vipuri.

Muuzaji atasema kwamba povu ni gharama aliyoiingia yeye na hivyo mashine iongezewe thamani. Ni kweli kwamba kujaza ni ghali, lakini thamani hiyo inaisha pamoja na meno ya tairi. Meno yakiwa yamebaki zaidi ya nusu na kazi yako ni ya kuzunguka bandani na kwenye lundo la samadi, mpe haki yake. Meno yakiwa yamebaki robo, toa kwenye bei gharama yote ya kubadilisha na usione aibu.

Kuyatumia pale yanapofaa

Yanafaa sana kwa loda ya kufagia zizi, kupakia samadi, kubeba marobota ya majani, kusafisha shamba lililokatwa vichaka, au kufanya kazi kuzunguka kiwanda cha mkonge au kinu cha kokoto. Uzito ulio chini, kwenye magurudumu, huifanya mashine itulie inapoinua mzigo, na kwa vijiloda vifupi hilo ni faida inayoonekana siku ya kwanza. Hata hivyo ule uzito wa ziada haukupi ruhusa ya kubeba zaidi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibati, kwa sababu mkono na ekseli ni vilevile.

Hayafai kwa trekta la kulima na kupanda. Mkulima mwenye tairi la upepo anaweza kupunguza presha udongo unapokuwa na unyevu ili tairi litandazike na lisikandamize ardhi. Mwenye povu hana uwezo huo, na anapita na mamia ya kilo za ziada juu ya tuta alilolilegeza jana. Katika majaruba ya mpunga, kama ya Mbarali au Mwea, ningeyakataa moja kwa moja. Hayafai pia kwa tela linalovutwa barabarani kupeleka mazao sokoni, kwa sababu kila mzunguko unakunja ujazo, kukunjwa huzalisha joto, na joto lililo katikati ya mpira mzito halina njia ya kutokea. Fuata ukomo wa mwendo uliotolewa na aliyejaza au mtengenezaji, na kama haujulikani, baki kwenye mwendo wa polepole wa shambani. Mashine ikihitajika kijiji cha tatu, ipakie kwenye lori.

Baada ya kuinunua, kaza nati za magurudumu baada ya saa chache za kwanza za kazi na uendelee kuzikagua kila wiki, paka grisi kwenye kingpini na pini za ndoo mara nyingi zaidi ya kitabu kinavyosema, na epuka kuiegesha mahali pamoja kwa miezi ikiwa na mzigo. Tairi lililokaa muda mrefu hubonyea upande wa chini na kuruka kwa dakika kadhaa za mwanzo, kisha kwa kawaida hurudi likipata joto la kazi.

Kuyaondoa

Kabla ya chochote, tambua aina ya rimu. Rimu ya kipande kimoja ndiyo rahisi. Rimu yenye pete ya kufungia pembeni, au ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa bolti, inaweza kuua, kwa sababu povu lililojazwa kwa presha linaendelea kusukuma pete hiyo hata baada ya miaka, na hakuna vali ya kuifungulia. Rimu za vipande viwili huwa na duru mbili za nati: moja inashika gurudumu kwenye kitovu, nyingine inashikanisha vipande vyenyewe. Fundi akikosea na kulegeza duru ya pili, vipande huruka. Zipake nati hizo rangi nyekundu kabla ya kushika spana, na gurudumu la aina hii lipelekwe kwa karakana ya mitambo mikubwa. Wanaohudumia machimbo na migodi ndio wa kwanza kuulizwa.

Kosa la pili linaloua ni moto. Kuna mafundi wanaochoma tairi ili kuokoa rimu, na wengine hukata kwa gesi. Poliyurethani inayoungua hutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, na mpira uliofungiwa ndani ya chuma chenye joto huzalisha gesi zinazoweza kulipuka kama bomu. Kwa sababu hiyohiyo rimu haichomelewi hata kidogo ikiwa tairi lipo, liwe la upepo, la maji au la povu.

Kazi yenyewe huanza kwa kuegesha mashine mahali tambarare na pagumu, ndoo ikiwa chini, na vigingi vya mbao vikiwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kuinua. Inua, weka stendi, kisha funga gurudumu kwa mkanda au mnyororo wa winchi kabla ya kutoa nati ya mwisho. Gurudumu la kilo 300 haliegemezwi ukutani wala halishikwi na vijana wawili wenye nguvu. Likianza kuanguka, kila mtu akae mbali na aliache. Lilaze chini juu ya mbao, upande wenye vali ukiwa juu.

Sasa soma ukubwa wa tairi. Palipoandikwa kwa kistari, mfano 18.4-30, tairi ni la nyuzi za mshazari, na kwa kawaida chuma kimo kwenye kingo zinazokaa kwenye rimu tu. Palipoandikwa kwa herufi R, mfano 18.4R30, ni la radiali, na huenda lina mikanda ya waya chini ya meno, hivyo kulikata ni kazi ndefu zaidi na huharibu misumeno mingi.

Kata ubavu wa juu kwa duara, vidole vinne hivi kutoka kwenye ukingo wa rimu, ukitumia msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi wenye ulimi mrefu, huku msaidizi akimwagia maji ya sabuni kwenye mkato. Maji hayo hupunguza joto, hulainisha ulimi na kuzuia vumbi. Vaa miwani, glavu nene na barakoa. Ukiingia ndani kidogo utaona ujazo ukitutumka na kufunga mkato juu ya ulimi wa msumeno, kwa kuwa ulikuwa umebanwa. Chomeka kabari ya mbao nyuma ya msumeno na usogee taratibu, bila kuulazimisha. Msumeno wa mnyororo wa kukatia miti hutumiwa na wengi, lakini ukigonga waya hurushwa kuelekea usoni kwa mtumiaji, na siupendekezi. Grainda nayo ibaki kwa waya za ukingo pekee, kwa miguso mifupi yenye maji, kwa sababu diski yake hupika povu badala ya kulikata.

Duara likikamilika, gawa tairi vipande kama unavyogawa keki, ukikata kutoka kwenye meno kuelekea katikati, na kuvuta kila kipande kwa winchi. Kipande cha kwanza ndicho kigumu, vinavyofuata huachia. Ujazo uliobaki umeshikamana na rimu hukwanguliwa kwa patasi butu. Mwisho hukatwa zile kingo zenye waya, ukisimama pembeni na si mbele ya mkato, kwa sababu waya zilizokazwa huchomoka kwa kasi zinapokatika. Kama matairi ni manne makubwa na kijijini huna winchi, acha mpango huu: karakana yenye presi ya haidroli hulisukuma tairi zima litoke kwenye rimu kwa muda mfupi, na ada yake ni ndogo kuliko hasara ya kupoteza kidole.

Kurudisha upepo

Rimu iliyotoka kwenye povu huwa haijaonwa na mtu kwa miaka. Isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kagua nyufa, pima kama imepinda kwa kuizungusha karibu na kitu kilichosimama, na chunguza mahali ukingo wa tairi unapokaa. Kutu iliyochimba mashimo hapo haitashika upepo bila tyubu. Paka rangi ya kuzuia kutu, badilisha vali, kisha funga tairi jipya ukipaka sabuni ya kufungia matairi kwenye kingo, si grisi wala mafuta ya injini.

Wakati wa kujaza, simama pembeni ukiwa na mpira mrefu wa kompresa wenye kishikio kinachojishika chenyewe kwenye vali, na gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma au limefungwa kwa minyororo. Kwa tairi la trekta, usizidishe psi 35 ukijaribu kukalisha ukingo. Likigoma, toa upepo wote, paka sabuni upya na uanze tena. Baada ya kukaa, rudisha presha kwenye kiwango cha kazi, ambacho kwa matairi ya nyuma ya trekta nyingi ni kati ya psi 12 na 23 kulingana na mzigo. Matairi ya viloda vidogo huhitaji presha kubwa zaidi, nayo imeandikwa ubavuni.

Mwenye hofu ya miiba bado ana njia nyingine: tairi lenye plai (tabaka za nyuzi) nyingi zaidi, au dawa ya majimaji ya kuziba pancha inayomiminwa kupitia vali. Povu la makopo linalotumiwa na mafundi wa madirisha halifai. Huganda kwa unyevu wa hewa, na ndani ya tairi lililofungwa sehemu kubwa yake hubaki mbichi. Hata iliyoganda husagika kuwa unga chini ya uzito wa mashine. Linaweza kuvumilia kwenye toroli kwa muda, si kwenye loda.

Vipande vilivyokatwa visizikwe shambani wala visichomwe. Wapo wakusanyaji wa matairi chakavu wenye vibali vya mamlaka za mazingira, NEMC upande wa Tanzania na NEMA upande wa Kenya, na ni vema kuwaeleza mapema kwamba matairi yana povu ndani, kwa sababu wengine hupokea yale matupu tu. Gurudumu lililokwisha ambalo hutaki kulivunja linafaa kuwa kizuizi cha lori linaporudi nyuma kwenye ukuta wa ghala: lilaze, lifunge kwa mnyororo, na upake rangi nyeupe ili dereva alione usiku.